Farasi Hasikii Baridi Yako

Theluji ya kwanza haijafunika hata majani, na tayari simu inalia. Mwenye farasi yuko kwake, kajikunyata chini ya blanketi mbili, ananiuliza: "Kaka, umemfunika? Madirisha umefunga?" Namwambia farasi wake yuko nje, anatafuna, na mgongoni ana theluji kiasi cha vidole viwili. Kimya kidogo. Kisha: "Theluji mgongoni, na wewe unamwangalia tu?"

Namwangalia, ndiyo, tena kwa furaha. Theluji inayokaa mgongoni mwa farasi bila kuyeyuka inaniambia kwamba joto la mwili wake, nyuzi 37 na nusu hadi 38 na nusu hivi, limebaki ndani linakotakiwa. Wa kunitia wasiwasi ni yule ambaye theluji ikimwangukia inayeyuka papo hapo na kumlowesha hadi kwenye ngozi. Huyo joto linamvuja.

Nimetunza farasi wa watu muda wa kutosha kujua kwamba matatizo mengi ya majira ya baridi hayaletwi na ukatili wala uvivu. Yanaletwa na huruma ya kiumbe asiye na manyoya. Mtu anatoka mlangoni, baridi inamng'ata masikio, basi anaamua kwa niaba ya mnyama wa kilo 500. Anamfunika, anamfungia ndani, anaziba kila tundu, anamkorogea pumba za moto, halafu anakwenda kulala roho ikiwa imetulia. Vile ambavyo farasi alivihitaji kweli, yaani nyasi za kutosha, maji, hewa na mahali pakavu pa kusimama, vimebaki nyuma.

Tuanze na tarakimu, maana kwenye simu hizo ndizo hutuliza watu. Binadamu aliyevua nguo huanza kupambana na baridi hewa ikishuka chini ya nyuzi 27 hivi. Farasi mzima mwenye afya, aliyeshiba na aliye mkavu, akishaota manyoya yake ya baridi, hukaa hadi nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri kabla mwili wake haujalazimika kuchoma chakula cha ziada ili kujipasha. Akiwa bado na manyoya mafupi ya kiangazi, mpaka huo hupanda hadi nyuzi 5 juu ya sifuri. Akilowa, unaweza kupita hata nyuzi 10. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo ni nyuzi ngapi, namrudishia maswali: farasi yupi, mkavu au aliyelowa, na tumboni ana nini?

Manyoya yenyewe hayangoji baridi ndipo yaote, kama wengi wanavyodhani. Mwili wa farasi unasoma mwanga. Siku ndefu kuliko zote ikishapita na mchana ukaanza kufupika, homoni ya melatonini hutoka kwa muda mrefu zaidi kila usiku, na ngozi inapata habari kwamba kazi ianze. Ndiyo maana ukimpiga brashi farasi mwishoni mwa kiangazi, wakati wewe unafuta jasho, unakuta nywele nene fupi zimeshachomoza chini ya zile laini. Upande wa pili ni hivyo hivyo: mchana ukianza kurefuka ananyonyoka, hata kama ndoo za maji bado zinaganda usiku.

Kila unywele una kimsuli chake shinani. Baridi ikizidi nywele husimama, na hewa inayonaswa katikati yake ndiyo inayozuia joto lisitoke. Juu yake kuna mafuta ya ngozi yanayofanya matone ya mvua yateleze yasifike chini. Kwa sababu hiyo, majira ya baridi simwogeshi farasi, na brashi naipitisha juu juu tu kutoa tope lililokauka. Farasi anayeng'aa katikati ya baridi anapendeza sana pichani, na hapo ndipo faida inapoishia.

Wanaobishana nami huwapeleka Yakutia, kule Siberia, ambako hewa hushuka kupita nyuzi 50 chini ya sifuri. Farasi wa huko wafupi, wanene, wenye manyoya marefu kupita kiasi, hukaa nje mwaka mzima na kuichimba theluji kwa kwato wapate majani. Uchunguzi wa jeni zao uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba walijizoeza hali hiyo katika muda usiofika miaka 800, jambo la haraka mno kwa mnyama mkubwa. Bila shaka si kila farasi ni wa Yakutia. Aliyeletwa juzi kutoka nchi ya joto anahitaji wiki mbili tatu mwili uzoee, na katika wiki hizo namtazama kwa jicho jingine kabisa.

Somo kubwa zaidi kwangu lakini linatoka Mongolia. Wafugaji wa huko wana janga wanaloliita dzud, na aina yake mbaya ni ile ambayo theluji huyeyuka kidogo kisha ikaganda tena, ikaacha gamba la barafu juu ya malisho yote. Majira ya baridi ya 2009 hadi 2010 mamilioni ya mifugo yalikufa, farasi wakiwemo. Ni wanyama waliozaliwa kwenye baridi kali, mama zao na nyanya zao vilevile. Wengi wao waliangushwa na njaa: majani yalikuwa pale chini, na midomo haikuweza kuyafikia. Farasi mwenye nyasi tumboni hustahimili usiku ambao farasi mwenye njaa hauvuki.

Na hapo ndipo tufike kwenye nyasi, kwa sababu ndizo kazi yangu nzima kuanzia majani ya malisho yakauke hadi yachipue tena.

Tumbo la farasi ni jiko la kuni. Sehemu ya nyuma ya utumbo wake ni pipa kubwa lenye mabilioni ya vijidudu vinavyochachusha nyuzinyuzi za majani, na kazi hiyo ya uchachushaji hutoa joto saa zote. Ukitia nyasi kavu, jiko linawaka polepole na kwa muda mrefu. Ukitia mahindi au shayiri, wanga wake husagwa mapema kwenye utumbo mwembamba na joto linalobaki ni dogo. Wazee wengi wa kazi hii watakuapia kwamba mahindi "yanachemsha damu". Yanachemsha akili ya farasi labda, kwa kuwa yana nishati nyingi na yeye hana kazi ya kufanya, lakini usiku wa baridi kali ongezeko la nyasi humsaidia kuliko ndoo ya nafaka.

Kiasi? Farasi hula kila siku chakula kikavu chenye uzito wa kati ya asilimia 1.5 na 2.5 ya mwili wake. Kwa wa kilo 500 ni kilo 7 na nusu hadi 12 na nusu. Kila hewa inaposhuka nyuzi moja chini ya mpaka wake wa baridi, mahitaji yake ya nishati huongezeka kwa takriban asilimia 2. Tuseme farasi mkavu mwenye manyoya mazuri anakula kilo 10 kwa siku, na usiku umeshuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Amevuka mpaka wake kwa nyuzi 10, basi anahitaji asilimia 20 zaidi: kilo 2 za nyasi. Si mzigo wa kutisha. Mimi hizo kilo 2 humpa jioni sana, kabla sijazima taa, ili kazi ya kuchachusha iendelee saa zile za alfajiri ambazo baridi huwa kali kuliko zote.

Pima kwa mizani, nakuomba. Watu huhesabu marobota, na robota moja linaweza kuwa zito mara moja na nusu ya jirani yake. Mizani ndogo ya kuning'iniza inatosha kabisa. Robota likifunguliwa, linuse pia. Nyasi nzuri hunukia utamu wa majani makavu. Ukisikia harufu ya uvundo, au vumbi jeupe likipanda mikononi, usimpe, hata kama ghala linaelekea kuisha. Jambo moja watu hawalioni kwa macho ni kwamba majani yakikauka hupoteza sehemu kubwa ya vitamini E iliyokuwemo yakiwa mabichi. Farasi anayekula nyasi kavu tupu miezi mitano au sita huongezewa, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa kiasi.

Kuhusu zile pumba za moto za kila mwisho wa wiki, najua zinatoka moyoni. Mvuke unapanda, farasi anahangaika mlangoni, mwenyewe anajisikia mzazi mwema. Lakini joto la bakuli lile linakwisha tumboni kabla hujafika kwako, na vile vijidudu vya utumboni havipendi chakula kigeni kinachotokea mara moja kwa wiki. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, nayo haisaidii mifupa. Ukitaka kumkorogea kitu cha uvuguvugu, chukua kile anachokula kila siku, vile vipande vya nyasi vilivyoshindiliwa, uviloweke kwa maji ya moto hadi vifumuke. Atafurahi vilevile, na maji yataingia tumboni bila yeye kujua.

Maji ndiyo yanayoninyima usingizi kuliko theluji.

Kiangazi farasi anakula majani mabichi ambayo zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Anakunywa bila kunywa. Majira ya baridi anahamia kwenye nyasi kavu zenye maji asilimia 10 hadi 15 tu, na wakati huohuo hori linaganda, hivyo kiu inapungua palepale ambapo angepaswa kunywa zaidi. Farasi wa kilo 500 anahitaji kati ya lita 25 na 45 kwa siku. Asipozipata, chakula hukauka ndani ya utumbo mpana na kukwama pale utumbo unapokunja kona na kuwa mwembamba. Huo ndio msokoto wa tumbo wa majira ya baridi, na unaua.

Watu huniambia: si atalamba theluji? Ndoo kumi za theluji laini zikiyeyuka zinakaribia ndoo moja ya maji, na kuziyeyusha anatumia joto la mwili wake mwenyewe. Akilamba kidogo akicheza, sawa. Kumtegemezea theluji kama kinywaji ni kumnyima maji.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilichunguza jambo la joto la maji miaka mingi iliyopita, wakakuta wanyama waliopewa maji ya uvuguvugu peke yake wakati wa baridi walikunywa zaidi sana, karibu asilimia 40, kuliko waliopewa maji yanayokaribia kuganda. Kinachonichekesha ni upande wa pili wa uchunguzi huo: ukimwekea ndoo mbili, ya uvuguvugu na ya barafu, huchagua ya barafu, na jumla ya anachokunywa inakuwa ndogo. Kwa hiyo usimpe uchaguzi. Mpe ya uvuguvugu tu, hasa mara baada ya kula nyasi, maana hapo ndipo hunywa zaidi.

Penye umeme, kuna vipashio vya kuweka ndani ya hori. Vizuri, ila vikaguliwe. Waya uliochubuka ukivujisha umeme kidogo ndani ya maji, farasi atapigwa kidogo puani na hatarudi tena. Wewe utaona hori limejaa na maji hayajaganda, utaridhika, kumbe hajanywa tangu jana. Alama yake ni farasi anayekaribia hori, ananyoosha shingo, kisha anarudi nyuma ghafla. Pasipo umeme ni shoka na mikono: asubuhi, mchana, jioni, na vipande vya barafu vinatolewa nje, havisukumwi pembeni, kwa sababu vikibaki humo vinashikana upya kabla hujafika mlangoni.

Chumvi nayo ina kazi. Kijiko kikubwa kilichojaa, gramu 30 hivi kwa siku, kwenye chakula cha jioni, kinamkumbusha kiu. Jiwe la chumvi lililoganda kwa baridi wengi hawana hamu ya kulilamba.

Halafu asubuhi nenda kaangalie mavi. Nasema hivi bila aibu kwa kuwa hakuna barua nyingine ambayo farasi anaweza kukuandikia. Madonge yawe mengi, yenye unyevu, yanayovunjika yakidondoka. Ukikuta machache, madogo, makavu, au yamefunikwa ute, anza na maji siku hiyohiyo. Ukikuta hakuna kabisa, naye anageuza kichwa kuangalia ubavu wake, anaparura chini, anajilaza na kuinuka, ameacha nyasi zake, hiyo si kazi ya kungojea kupambazuke. Mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo. Atanung'unika kidogo, halafu atakuja.

Sasa turudi kwenye blanketi, maana najua ndilo lililokuleta hapa.

Sina chuki nalo. Kinachomshinda farasi kuliko baridi kavu ni mvua ya baridi yenye upepo. Nywele zikilowa zinalala, hewa iliyokuwa imenaswa inatoka, na upepo unamaliza kazi. Farasi aliyelowa kwenye nyuzi 3 juu ya sifuri anaweza kutetemeka mbele ya macho yako, hali yuleyule, akiwa mkavu, jana yake alikuwa anarukaruka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa hiyo kabla ya blanketi nauliza kama ana pa kujikinga. Kibanda cha kuta tatu na paa, kimegeuzia mgongo upande unakotoka upepo, kinatosha. Usishangae akikipuuza usiku wa theluji tulivu na kukikimbilia siku ya mvua. Yeye anajua tofauti ambayo sisi tunabishania.

Tena tunaweza kumwuliza mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Norway walichapisha jaribio ambalo hulitaja kila ninapobanwa. Waliwafundisha farasi 23 kugusa kwa pua vibao vyenye alama: kimoja kikimaanisha nivishe, kingine nivue, cha tatu niache nilivyo. Wote walielewa. Siku za mvua, upepo na baridi wengi waliomba kuvishwa. Siku nzuri waliomba kubaki na manyoya yao. Wengine wakishajua mchezo waliita watu kwa hamu wapate kusema wanachotaka. Tangu nilisome jaribio hilo nimeacha kusema kwamba farasi hapendi blanketi. Nasema hulipenda siku ambayo linahitajika.

Ninaowavisha bila mjadala ni wazee waliokonda, wagonjwa, walionyolewa manyoya, waliohamia kutoka kwenye joto, na wale wasio na pa kujikinga mvua ikinyesha. Wengine naangalia siku yenyewe. Blanketi za farasi huuzwa kwa uzito wa kijazio chake, gramu kwa kila mita ya mraba, kuanzia lile lisilo na kijazio, la kuzuia maji tu, hadi la gramu 400. Hatari iko kwenye jembamba linalovishwa farasi mwenye manyoya kamili usiku mkavu wa baridi kali: linalaza nywele, linaondoa ile hewa, na pengine linamwachia joto pungufu kuliko alilokuwa nalo. Hatari nyingine ni nene linaloachwa mchana jua likitoka. Anatoka jasho, usiku jasho linapoa, na umemtengenezea mvua yake binafsi.

Lolote utakalomvisha, lazima livuliwe kila siku. Angalia pale shingo inapokutana na mgongo, na kifuani na mabegani, ambako kitambaa husugua hadi nywele zikaisha. Tia mkono chini yake: ngozi iwe kavu na vuguvugu. Kushika masikio au miguu si kipimo. Chini ya goti farasi ana mifupa na kano, nyama hakuna, na miguu yake imeumbwa ifanye kazi ikiwa baridi. Akitetemeka, akikunja mkia na kuinamisha kichwa, akajitenga na wenzake, hapo ndipo pa kuchukua hatua, na hatua ya kwanza ni kumkausha, ya pili ni nyasi.

Blanketi lina dhambi moja zaidi, kwamba linaficha mwili. Hata manyoya peke yake yanaficha. Farasi aliyekonda akiwa na nywele ndefu anaonekana mnene kabisa, na ukija kumwona mbavu ni wakati ananyonyoka, miezi miwili baada ya siku uliyopaswa kujua. Kwa hiyo vidole ndivyo macho ya majira haya. Mwaka 1983 Don Henneke wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alitoa kipimo cha unene wa farasi chenye ngazi 1 hadi 9, na bado kinatumika kote. Unapapasa shingo, mabega, mbavu, mgongo na shina la mkia. Ngazi ya 5 mbavu hazionekani ila vidole vinazipata kirahisi. Mimi napenda farasi aingie kwenye baridi akiwa 5 au 6, na nampapasa kila wiki mbili. Ukiona anashuka, ongeza nyasi leo, kwa sababu kumnenepesha katikati ya baridi ni kazi ngumu mno.

Farasi wazee wanahitaji sentensi zao peke yao. Meno yao yamechakaa, nyasi ndefu wanazitafuna na kuzitema zikiwa vidonge vilivyoviringika sakafuni. Ukiviona vidonge hivyo, ujue tumbo liko tupu hata kama hori la chakula linaisha. Wape vilivyolowekwa, mara nyingi kwa siku, na watenge na vijana wanaowafukuza kwenye chakula. Mzee mwenye manyoya marefu yaliyojikunja ambayo hayanyonyoki hata joto likirudi, naye apelekwe kwa daktari: mara nyingi ni homoni, wala si baridi.

Hewa. Hapa ndipo ninapogombana na wenye farasi kuliko popote. Banda lililozibwa likawa na joto tamu ni tamu kwa mwenye kuingia dakika tano na koti lake. Mkojo kwenye matandiko huvunjwa na vijidudu ukatoa amonia, vumbi la nyasi linaelea, pumzi za wanyama zinageuka unyevu, na mapafu yanavuta vyote usiku kucha. Kikohozi cha asubuhi na kamasi puani wengi huita mafua, kumbe ni pumu ya farasi inayoanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi piga magoti pale kwenye maranda, pua yako iwe mahali pua yake inapokuwa akilala. Macho yakikuwasha, banda lako ni bovu. Ukiona matone ya maji ndani ya madirisha, fungua. Upepo usimpige moja kwa moja, lakini juu, karibu na paa, hewa ipite daima. Nyasi zenye vumbi zilowekwe dakika chache kabla hajapewa; kwenye baridi kali zitaganda zikawa gogo, kwa hiyo walio na kifaa cha kuzipitishia mvuke wana bahati.

Dawa ya mapafu iliyo bora ni kumtoa nje. Farasi aliyesimama chumbani saa ishirini utumbo wake unalegea, miguu inavimba, na akili inaanza kutafuna mlango.

Kwato nitazipitia haraka, si kwa kuwa ni ndogo. Theluji yenye unyevu hujishindilia chini ya ukwato, hasa wenye kiatu, ikawa donge gumu la duara, na farasi anajikuta anatembea juu ya mipira ya barafu huku vifundo vikipinda. Wengi huvuliwa viatu majira haya. Wanaobaki navyo fundi wa kwato huwawekea mpira unaosukuma theluji nje, na njumu za kushika barafu. Mafuta mazito ukipaka chini husaidia kwa saa moja hivi, si zaidi. Kwato hukua polepole wakati wa baridi lakini zinakua, kwa hiyo fundi aje kila wiki 6 hadi 8 kama kawaida. Penye tope badala ya theluji, uozo mweusi wenye harufu mbaya huingia kwenye mifereji ya katikati ya ukwato, na vipele vyenye magamba huota nyuma ya vifundo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kila siku, kila mguu. Njia zenye barafu zimwagie mchanga. Farasi akianguka kwenye barafu hupasuka misuli ya mapaja, na kumwinua kunahitaji watu wengi na muda ambao hamna.

Kama unampanda, lijamu ya chuma iliyolala usiku kwenye baridi ishike mikononi hadi ipate joto kabla ya kumtia mdomoni. Mpe dakika kumi na tano za kutembea kabla ya kukimbia, na umalize mapema kiasi kwamba anarudi akiwa mkavu. Anayefanya kazi nzito hunyolewa sehemu zinazotoka jasho, shingo ya chini, kifua na tumbo, na kuanzia hapo blanketi ni deni lako mpaka msimu uishe.

Mwisho wa baridi una mtego wake, na wengi wanaingia wakiwa wamechoka. Usiku bado ni sakitu, mchana jua linawaka, vichipukizi vinatokea. Majani hutengeneza sukari mchana, na baridi ya usiku inayazuia kuitumia kukua, kwa hiyo asubuhi ile nzuri ya jua na sakitu ndiyo yenye majani ya sukari nyingi. Kwa farasi mnene, au mwenye historia ya kwato kuvimba ndani, mlo huo unaweza kumlaza. Ukimwona anasita kutembea, uzito ameuegemeza nyuma, kwato za moto mkononi, mwondoe kwenye malisho na umwite daktari.

Kwa walio wazima naanza na dakika 20 za malisho kwa siku, alasiri iliyotulia, akiwa ameshakula nyasi kavu kwanza, na naongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu. Ndiyo sababu hesabu ya marobota haiishii siku theluji inapoisha. Ghala liwe na akiba ya mwezi mzima zaidi ya unavyodhani, na uinunue kabla majirani hawajagundua kwamba zao zimekwisha.